Fundi Yuko Newala, Seva Iko Mtwara

Kampuni ya IT yenye mafundi watano pale Mtwara mjini inaweza kuwa inashika funguo za kuingilia kwa mbali kompyuta za ofisi thelathini: vyama vya msingi vya korosho, zahanati, gesti, maduka ya pembejeo. Mwizi mwenye akili hahangaiki na chama kimoja kimoja. Anamvizia fundi. Na fundi mwenyewe siku hizi hayupo ofisini, yuko kwake Newala au Nachingwea, anafanya kazi kwa bando la simu.

Anzeni na akaunti. Ile "admin" moja wanayoitumia wote, nywila yake imebandikwa kwenye kundi la WhatsApp, iondoeni leo. Logi, yaani kumbukumbu za nani kaingia lini, ikionyesha "admin" ameingia saa nane usiku, mtamwuliza nani? Kila fundi awe na akaunti yake, yenye nywila ndefu iliyohifadhiwa kwenye programu ya kutunzia nywila. Kuwalazimisha watu wabadili nywila kila mwezi hakusaidii kitu: wataandika Korosho1, kesho Korosho2.

Nywila peke yake haitoshi, na namba ya siri inayokuja kwa SMS ni kinga dhaifu. Tapeli akifanikiwa kuihamishia laini ya fundi kwenye kadi nyingine, simu ya fundi inakata mtandao. Mtu wa Dar angeshtuka. Wa Newala atasema mnara umezima tena, ataendelea na chai yake, na huku namba zinaingia kwa tapeli. Tumieni programu inayotengeneza tarakimu sita kila sekunde 30 ndani ya simu yenyewe. Haihitaji mtandao hata kidogo, maana inakokotoa kutokana na siri iliyohifadhiwa na saa ya simu. Ndiyo maana tarakimu za simu ambayo saa yake imekosea kwa dakika mbili tatu hukataliwa. Washeni mpangilio wa saa kujirekebisha yenyewe kabla ya kulaumu seva. Zile namba za akiba mnazopewa siku ya kwanza zichapeni, mzifungie kabatini ofisini, kwa sababu simu huibwa na huanguka majini.

Tarakimu hizo nazo zina kasoro: fundi akidanganywa na ukurasa bandia, ataziandika humo mwenyewe. Kwa akaunti zinazofungua wateja wengi, nunueni ufunguo wa kiusalama wa USB, miwili kwa kila fundi, mmoja wa kutembea nao na mwingine wa kabatini. Ufunguo huo hukagua wenyewe anwani ya tovuti, kwa hiyo tovuti bandia haipati jibu. Na kama mnatumia ule uthibitisho wa kubonyeza "kubali" kwenye simu, chagueni unaomtaka fundi aandike namba anayoiona kwenye kompyuta. Uber walivamiwa Septemba 2022 baada ya mkandarasi wao kutumiwa maombi mfululizo mpaka akakubali moja.

Tuje kwenye njia ya kuingilia. Poti 3389 ya Windows, yaani mlango wa kuiendesha kompyuta kwa mbali, isionekane kabisa kwenye intaneti. Kuihamishia 3390 ni sawa na kujificha nyuma ya kanga. Programu za kupekua poti zinaiona vilevile. Ofisi nyingi za vyama vya msingi zina ruta ya laini ya simu isiyo na anwani yake ya wazi, na hilo ni jambo jema: mashine ya kule iunganishe yenyewe kuja kwenye seva yenu ya lango. Kwa WireGuard, ambayo ni programu ya VPN (njia ya siri ya kuunganisha kompyuta kupitia intaneti), wekeni PersistentKeepalive = 25 kwenye mashine ya kule, ili ibishe hodi kila sekunde 25, la sivyo mtandao wa simu utaisahau njia na fundi atakuta kumekufa.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika AllowedIPs, orodha ya anwani za kufikia kupitia VPN, kwenye faili la mipangilio la laptopu ya fundi wakidhani wamemzuia asifike kwingine. Faili hilo liko mikononi mwake, analibadili kwa sekunde moja. Kizuizi cha kweli ni sheria za fayawoli, programu inayochuja nani apite, kwenye lango: fundi huyu, mashine hii, poti hii, basi. VPN inayofungua mtandao wote wa mteja ukishaingia ni mlango wa ghala usio na vyumba ndani. Msisahau pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kuwa wanaotumia VPN kwa kazi wajisajili.

Msimu wa minada ukianza mwezi wa kumi, kampuni huongeza vijana wa muda. Akaunti zao zizaliwe na tarehe ya kufa. Kwenye Linux:

chage -E 2027-02-01 jina

Msitegemee amri ya passwd -l. Hiyo hufunga nywila tu, na mwenye ufunguo wa SSH (faili la kuingilia kwa mbali bila nywila) huenda akaendelea kuingia kama kawaida. Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta Mei 2021, na wavamizi walikuwa wameingia kwa akaunti ya VPN iliyosahaulika, isiyo na uthibitisho wa pili. Mtu akiondoka, fungeni akaunti siku hiyohiyo, kateni vikao vilivyobaki wazi, ondoeni ufunguo wake wa WireGuard, kisha badilini nywila za ruta alizokuwa anazijua. Hilo la vikao ndilo husahaulika: akaunti imefungwa, lakini kivinjari chake bado kiko ndani.

Laptopu zisimbwe diski nzima ili mwizi asisome kitu, kwa BitLocker ya Windows au LUKS ya Linux, maana zinasafiri kwa basi. Alama za vidole msizitegemee kwenye viwanda vya kubangua: mafuta ya ganda la korosho huchubua vidole, na kisoma alama kinamkataa mwenye mali.

Mwisho, kila mteja awe na akaunti moja ya dharura. Nyaya za baharini zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota nchi nzima, na mfumo wa kuingilia unaotegemea seva za ng'ambo siku kama hiyo unamwacha fundi nje hata akiwa amesimama mbele ya mashine. Akaunti hiyo ifanye kazi kwenye kibodi ya palepale tu, nywila yake iwe kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa na pande mbili. Fundi akipita aiangalie. Ikiwa imefunguliwa na hakuna maandishi ya nani na lini, abadili nywila kabla ya kuondoka.