Ekzosi mpya kwenye pikipiki ya zamani: usikaze kitu mpaka bomba likae lenyewe

Msomaji ameandika kwamba amefunga ekzosi mpya kwenye pikipiki yake ya miaka ya 1970. Sasa kila akiachia eksileta inapiga milipuko, na kromu karibu na injini imegeuka bluu. Anataka kuirudisha dukani. Asiirudishe kwanza, kwa sababu dalili zote mbili mara nyingi hutokana na ufungaji na kabureta.

Kazi inaharibika mapema, kwenye kufungua. Stadi (vijiti vya nyuzi vinavyoshika bomba kwenye injini) ni za chuma, hedi (kichwa cha injini) ni ya alumini, na miaka mingi ya joto na kutu imezishikanisha. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kabla. Siku ya kazi, toa tangi la mafuta kabisa, kisha pasha hedi moto kuizunguka stadi, maana alumini hutanuka zaidi ya chuma. Legeza nati robo mzunguko, irudishe kidogo, ongeza mafuta, rudia. Ukihisi spana inakwenda lakini nati inakuwa kama inavutika, acha hapo hapo: stadi inajisokota na itakatika. Ikikatika na kubaki kijishina nje, mwite fundi wa kuchomelea aichomee nati juu yake. Usikimbilie kutoboa na kuingiza kitolea stadi. Kikivunjikia ndani, ni kigumu kuliko drili yako.

Wenye Norton Commando wana shida yao: bomba hushikwa na nati kubwa ya duara inayoingia kwenye nyuzi za hedi. Tumia spana yake maalumu, kamwe si patasi na nyundo. Ikilegea, mtikisiko unakula nyuzi za alumini.

Chunguza tundu la moshi kwa tochi. Gasketi (pete ya kuziba) ya shaba ya zamani hujibana ikafunikwa na masizi hadi ikaonekana ni sehemu ya hedi. Ukiweka mpya juu yake, bomba halikai sawa na hewa inapita. Hiyo ndiyo milipuko ya msomaji wetu: hewa safi inaingia bombani, inakutana na mafuta yasiyoungua. Chokonoa ya zamani itoke yote, weka mpya, ishikilie kwa grisi kidogo isidondoke. Stadi zipake grisi ya shaba.

Sasa funga kila kitu kwa mkono tu: nati za hedi, klampu, boliti za breketi. Tikisa bomba mpaka likae lenyewe. Kaza hedi kwanza, upande huu kidogo na ule kidogo. Kwa stadi za milimita 8 karibu Nm 20 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa za 6 karibu Nm 10, ila kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Kisha klampu, na breketi ya nyuma mwisho kabisa. Tundu la breketi likikosana na la fremu kwa milimita 5, tanua tundu kwa tupa au ongeza washa (pete bapa ya boliti). Ukilivuta bomba kwa boliti, mvutano huo pamoja na mtikisiko utapasua breketi au kukata stadi, na watu watasema ekzosi ilikuwa mbovu!

Kandamiza springi za nyuma uone kama bomba linagusa mnyororo au stendi. Piga kiki, kanyaga breki, hakikisha boliti ya kumwagia oili inafikika. Futa alama zote za vidole kwenye kromu kabla ya kuwasha. Mafuta ya ngozi yakiungua hayatoki tena. Injini ikishapata moto na kupoa kabisa, kaza nati upya, kwani gasketi imelala.

Kuhusu bluu: mabomba mengi ya kiwandani ya Japani yalikuwa na kuta mbili, hivyo ukuta wa nje haukuungua. Ya kubadilishia mengi yana ukuta mmoja na hubadilika rangi kiasi hata injini ikiwa nzima. Lakini bluu nzito ya mapema hutokana na petroli kuwa kidogo mno kwa hewa inayoingia, au moto wa plagi unaochelewa. Pima taimingi (wakati plagi inapotoa moto), kisha chomoa plagi. Ikiwa nyeupe na sailensa mpya iko wazi kuliko ya zamani, panda saizi moja ya jeti kuu ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli), endesha, uitazame tena mpaka iwe kahawia hafifu.