Maswali na majibu: Mwenza wako akipasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo

Barua nyingi zilizonifikia wiki hizi zinafanana: mume au mke amepangiwa upasuaji mdogo, ataingia asubuhi na kuruhusiwa jioni, na mwenzake hajui nafasi yake ni ipi. Nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu neno "mdogo" hupunguza muda wa kulala wodini tu. Uangalizi ambao zamani wauguzi waliufanya usiku kucha sasa unamwangukia mwenza, mara nyingi bila kuelekezwa.

Mume wangu atapasuliwa ngiri kwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Ameambiwa asile chochote tangu saa sita usiku, lakini mama mkwe anasisitiza nimpe uji mwepesi alfajiri ili asiishiwe nguvu. Nifanyeje? (Mke, Kibaha)

Usimpe, na umweleze mama mkwe sababu kwa upole, kwa kuwa anayesisitiza hivyo anampenda mwanawe. Ganzi ya mgongoni wakati mwingine haishiki vizuri, na hapo hulazimu kumlaza mgonjwa kwa nusu kaputi. Akiwa amelala hivyo, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Utaratibu wa kawaida ni kuacha chakula saa 6 kabla ya upasuaji na maji matupu saa 2 kabla, na uji pamoja na chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Hata hivyo, hospitali yenu ikiwa imeagiza muda mrefu zaidi, fuateni agizo hilo, kwa sababu orodha ya wagonjwa hubadilika na aliyepangiwa saa tano anaweza kuitwa saa mbili. Kama anatumia dawa za shinikizo la damu au za kisukari, ulizeni mapema zipi anywe asubuhi hiyo na zipi aache. Na iwapo atakula kwa siri, semeni ukweli mlangoni. Kuahirishiwa siku ni usumbufu mdogo sana ukilinganisha na hatari hiyo.

Mke wangu atatolewa uvimbe wa titi kwa nusu kaputi katika hospitali moja ya mjini, Dar es Salaam, nasi tunakaa Kigamboni. Nina pikipiki yangu mwenyewe na ninaendesha taratibu. Je, naweza kumrudisha nayo, au tupande kivuko kama siku zote? (Mume, Kigamboni)

Bwana, pikipiki ibaki nyumbani siku hiyo. Tatizo si mwendo wako. Ni kwamba mtu aliyetoka kwenye nusu kaputi anaweza kusinzia ghafla au kupata kizunguzungu, na kushikilia nyuma ya pikipiki kunahitaji mkono uleule wa upande uliopasuliwa. Kivuko nacho kina foleni ya kusimama na msongamano wa watu wenye mizigo, ambao hawawezi kujua kwamba chini ya khanga yake kuna kidonda kibichi. Tafuta gari, la ndugu au la kukodi, mzunguke kwa Daraja la Nyerere, ambalo tangu lifunguliwe mwaka 2016 limewaondolea wagonjwa wa upande wenu adha kubwa. Mkalishe akiwa ameegemea, weka mto mdogo kati ya mkanda wa gari na kifua chake, na uwe na mfuko wa plastiki mkononi, kwani kichefuchefu ni cha kawaida katika saa za mwanzo.

Kabla ya safari hiyo, kuna kazi ambayo naiona kubwa kuliko usafiri wenyewe. Baadhi ya dawa zinazotumika kumtuliza mgonjwa humwacha akizungumza vizuri, akiitikia, hata akitabasamu, ilhali kesho yake hatakumbuka neno. Nimewaona wagonjwa wakielezwa dawa zao zote, wakajibu "nimeelewa, dada," kisha siku ya tatu wakapiga simu kuuliza kama walipewa dawa yoyote. Kwa hiyo maelezo ya kuruhusiwa yasikilize wewe, uyaandike, na usiondoke kabla ya kujua mambo haya: bandeji ifunguliwe lini, nyuzi ni za kutolewa au za kuyeyuka zenyewe, majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara yatachukuliwa wapi na lini, na namba ipi ya simu inapokelewa usiku. Kwa muda wa saa 24 asiendeshe chombo, asipike peke yake jikoni, asitie saini hati yoyote wala kutuma fedha kwa simu, hata akikuhakikishia kwamba yuko sawa.

Kuhusu maumivu, mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini kwa kawaida hupewa vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Soma maandishi ya dawa nyingine zilizopo nyumbani, hasa za mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani yake na mtu huizidisha bila kujua.

Mume wangu alipasuliwa ngiri mchana, tukarudi nyumbani jioni. Hakupata mkojo hadi saa sita usiku, tumbo la chini likajaa na kuuma, naye akakataa kurudi hospitali akisema ni gharama. Asubuhi aliwekewa mpira wa mkojo, akapona. Nilipaswa kufanya nini? (Mke, Morogoro)

Ulipaswa kumrudisha usiku uleule, na najua ni rahisi kwangu kusema hivyo kuliko ilivyokuwa kwako kumbishia mwanamume mwenye maumivu. Ganzi ya mgongoni na upasuaji wa ngiri vyote viwili huweza kuzuia mkojo kwa muda. Zikipita saa 6 hadi 8 bila mkojo, au kabla ya hapo ikiwa kibofu kimejaa na kinauma, hiyo ni sababu tosha ya kurudi. Nyingine ni bandeji kuloa damu tena na tena, homa, kidonda kutoa usaha, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, na kupumua kwa shida, ambako hakusubiri hata gari la jirani litoke kazini. Ipo pia dalili ya ganzi ya mgongoni inayowababaisha wengi: kichwa kinachouma sana akikaa au kusimama na kutulia akilala, ambacho hujitokeza zaidi siku chache za mwanzo. Si malaria, na asianzishiwe dawa za malaria bila kupimwa. Arudi kwa waliompa ganzi.

Shemeji anasema nifungue kapsuli ya antibayotiki na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda ili kikauke, kisha nimkande mgonjwa kwa maji ya moto. Ni sahihi?

Hapana kwa yote mawili. Kapsuli hutengenezwa ili imezwe, na unga wake hugandamana kidondani na kuficha kinachoendelea chini. Kukanda kwa maji ya moto huongeza uvimbe na damu, na huloweka bandeji ambayo kwa kawaida hutakiwa kubaki kavu saa 48 za mwanzo.

Mzee wangu ametolewa mtoto wa jicho. Haachi swala, na daktari amemkataza kuinama. Nimsaidieje? (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Wagonjwa wengi waliopewa katazo hilo huswali wakiwa wameketi na kusujudu kwa ishara, jambo ambalo sheria ya dini inamruhusu mgonjwa. Kuhusu udhu na jicho lisilotakiwa kuingia maji, sheikh wenu atawaelekeza. Kazi yako kubwa ni matone: nawa mikono kwa sabuni, vuta kope ya chini, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, na kama ana dawa aina mbili, acha dakika 5 kati yake. Uoni ukipungua au maumivu yakizidi, mrudishe siku hiyohiyo.

Wageni wa kutoa pole hawaishi, nami sijalala siku mbili. Niwafukuze?

Usiwafukuze, wape kazi. Mmoja achote maji, mwingine awachukue watoto hadi jioni, na mgonjwa akisinzia, funga mlango wa chumba bila kuomba radhi.

Baada ya ngiri, mume atabeba mizigo lini? Na tendo la ndoa je?

Mizigo mizito mara nyingi huzuiwa kwa wiki 4 hadi 6, na mkumbuke kwamba ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, kwa hiyo nayo imo. Mpe papai, mboga na maji ya kutosha, kwani kujikamua chooni hukaza palepale palipopasuliwa, na dawa kali za maumivu kama tramadoli huleta choo kigumu. Tendo la ndoa halina tarehe moja kwa wote: kidonda kiwe kimefunga, maumivu yawe yameisha, na mwulize daktari siku ya kurudi kliniki. Ingieni wote wawili chumbani mwake siku hiyo, kwa sababu wanaume wengi wakiingia peke yao swali hilo hurudi nalo nyumbani.