Kaseti ya Baba Imezungumza, Sasa Nisikilizeni

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Nimechoka na maisha haya ya simu kila saa. Natamani zamani, maisha yalipokuwa mepesi. Nifanye nini?" Ujumbe huo ulinikuta na furaha yangu, maana usiku uleule nilikuwa nimefanikiwa kuitoa sauti ya marehemu baba kwenye kaseti ambayo ndugu zangu wote walikwisha kuihesabu kuwa takataka. Kwa hiyo, dada yangu, jibu lako litakuwa refu kidogo. Univumilie.

Baba alifanya kazi mbali na nyumbani kwa sehemu kubwa ya utoto wetu. Barua aliandika, lakini kalamu hakuipenda. Alichokipenda ni kukaa mbele ya redio kaseti, kubonyeza kitufe chekundu, na kuongea. Kaseti inaletwa na msafiri, mama anaiweka, sisi tumezunguka. Baba anakohoa kwanza, kisha anatusalimia mmoja mmoja kwa majina, kuanzia mkubwa hadi kitinda mimba. Tukiisha kusalimiwa, watoto tunatimuliwa tukacheze nje. Hilo la kutimuliwa mlishike, lina maana huko mbele.

Vijana wanapoisikia kaseti wanafikiria muziki, na hawakosei, kwani Walkman ya mwaka 1979 ndiyo iliyoufanya muziki utembee na mtu masikioni. Lakini Philips walipoionyesha kaseti kwa mara ya kwanza, Berlin mwaka 1963, ubora wake ulifaa zaidi maneno ya mtu kuliko ala. Baba hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 unamtosha kusema yote ya mwezi.

Baada ya msiba tuliketi kugawana vitu. Boksi la kaseti lilipofikiwa, kaka yangu mkubwa akacheka. Akasema hizo ni plastiki tu, redio yenyewe haipo, na hata baba mwenyewe hakuzijali, alikuwa akirekodi juu ya zile za zamani. Wengine wakacheka pia. Nikalibeba boksi langu kimyakimya. Kicheko kile ninacho hadi leo, na sioni sababu ya kujifanya nimekisahau.

Niliyemwona kuwa ni fundi aliniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya. Basi nikajifunza mwenyewe. Redio kaseti kuukuu niliyoipata ilikuwa na mkanda wa mpira ulioyeyuka ndani, ukawa utelezi mweusi unaonata vidoleni. Nikausafisha wote na kufunga mpya. Kichwa cha kusomea nikakifuta kwa spiriti na pamba. Kaseti nyingi zilikuwa salama kiasi, ila ile niliyoitaka kuliko zote ilikuwa imeota kuvu, na kile kipande kidogo kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa kilikuwa kimebanduka. Tena ilikuwa ya zile zilizogundishwa, hazina skrubu. Kuifungua ni kuipasua. Niliipasua nje, pua nimeifunga kwa kitambaa (kuvu si kitu cha kuvuta), nikauhamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu. Halafu, kabla ya kuicheza, nikaipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha yote mwanzo, ili utepe ulioshikamana uachane taratibu. Sitawachosha na yaliyofuata. Ikaimba.

Lakini kabla sijaipasua niliona jambo. Mnakumbuka vile vibati viwili vidogo vya plastiki vilivyokuwa ukingoni mwa kaseti, upande wa nyuma? Ukivivunja, kitufe cha kurekodi hakishuki tena. Kaseti inabaki ya kusikilizwa tu. Kwenye kaseti ile vyote viwili vilikuwa vimevunjwa. Nikakimbilia boksi. Karibu kaseti zote zilikuwa hivyo. Huyo ndiye baba aliyesemwa kuwa hakuzijali! Mtu asiyejali havunji vibati. Nilipiga picha nikaituma kwenye kundi la familia bila kuandika neno, na kaka akajibu kwa kidole gumba.

Sasa yaliyomo. Mwanzoni sauti ilitoka nzito na ya kukokota, kumbe mota ilikuwa inazunguka polepole. Nikakaza skrubu yake ya kasi kidogo kidogo mpaka baba akawa baba. Akakohoa. Akatusalimia. Nilifika jina langu nikalazimika kusimamisha.

Nilipoendelea nikaingia kwenye sehemu ambayo sikuwahi kuisikia, kwa kuwa wakati ule tulikuwa tumekwisha kutimuliwa. "Mama watoto," anasema, na sauti inashuka. Hajalipwa. Ameahidiwa, lakini hajalipwa, na hajui kama kazi itakuwapo mwezi unaofuata. Anamwomba mama aongee kwa upole na yule anayewadai. Anauliza ile homa yake inaendeleaje na kwa nini hakwenda kupimwa. Anasema halali usingizi. Kisha anasema, "Watoto wasijue."

Na kweli hatukujua. Miaka hiyo ndiyo ninayoisimulia kila mahali kuwa ilikuwa ya raha, tulicheza hadi jua linazama, hatukuwa na wasiwasi wowote. Wasiwasi ulikuwapo, ulikuwa chumba cha pili, umewekewa sauti ya chini.

Kwa hiyo, dada yangu, maisha hayo mepesi unayoyatamani, yaulize kwanza yalikuwa mepesi kwa nani. Nyumba ileile, siku ileile, mtoto anaruka kamba na mama anapanga maneno ya kumwambia anayemdai. Tukizeeka tunaibeba ile kamba tu. Watu wa saikolojia wameona kwamba ukimuuliza mtu aliyevuka miaka 40 akusimulie maisha yake, mengi atakayoyatoa ni ya kati ya umri wa miaka 10 na 30. Ndiyo maana kila kizazi kinaapa kwamba kipindi kizuri kilikuwa chake, na kizazi kilichokitangulia kinakicheka.

Sisemi hamu hiyo ya kurudi ulikotoka ni upuuzi. Zamani waliiogopa kweli. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Johannes Hofer, aliandika tasnifu akiieleza kuwa ni ugonjwa kamili unaowakumba watu walio mbali na kwao, na dawa aliyoiamini zaidi ni kumrudisha mgonjwa nyumbani. Wagonjwa wake walikuwa na bahati, njia ya kurudi ilikuwapo. Wewe unayetaka kurudi mwaka 1990 utapanda gari gani? Watafiti wa siku hizi, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Southampton, hawaioni tena kuwa ugonjwa. Wameona kwamba mara nyingi huja mtu anapojihisi mpweke, na kwamba ikija humfanya ajisikie karibu zaidi na wenzake. Ukilisoma hilo vizuri utaona dawa iko wapi. Unamkosa mtu, halafu unaenda kununua kitu.

Maana najua mtakachofanya. Mtanunua simu ya vitufe, mtaiweka mezani, mtaipiga picha kwa simu yenu kubwa. Mtaandika "zamani ilikuwa raha" mpate watu wa kukubaliana nanyi. Siku tatu imekwisha. Hata zile simu za vitufe zililalamikiwa zilipokuja. Kuna waliosema ujumbe wa herufi 160 utaua barua, na hawakukosea sana.

Tafuta mtu. Tafuta aliyekuwa mtu mzima wakati wewe ni mtoto, angali hai, umuulize mambo ambayo mlikuwa mkitimuliwa ili yasemwe. Usimuulize "zamani ilikuwaje," atakupa hotuba. Muulize alikuwa anadaiwa na nani. Muulize alilala saa ngapi. Mrekodi, kwa ruhusa yake, kwa hiyohiyo simu unayoilaani. Mama yangu nilimchezea sehemu ile, akanyamaza, kisha akacheka na kusema yule aliyekuwa akitudai hakuwahi kuwa mpole hata siku moja. Tuliongea mpaka usiku. Katika utu uzima wangu wote hatujawahi kuongea hivyo.

Na kama una kaseti ndani, usingoje. Utepe hauchoki kwa kuchezwa tu, unachoka hata ukikaa kwenye unyevu na joto. Tafuta mtu mwenye mashine nzima, unganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, hifadhi faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, kabla ya kufikiria kulipunguza, weka nakala sehemu mbili. Kaseti yenyewe usiitupe. Halafu tafuta mtu wa kuisikiliza naye, narudia, tafuta mtu.

Kaka naye ameomba nakala. Nimemwambia atapata siku atakapoleta albamu ya picha aliyoikalia tangu msiba, kwa sababu nazo ni za rangi, zinapauka, na mashine ya kuskani tayari ninayo.