Re: Wanafunzi wangu wa sekondari wako kimya, nifanyeje waongee?

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje waongee na watoe hoja badala ya kukariri tu. Mi naona shida kubwa sio aibu, ni sisi kuuliza swali halafu baada ya sekunde 1 tunajijibu wenyewe. Uliza, nyamaza angalau sekunde 3, waandike sentensi mbili kwenye daftari, kila mtu amsomee jirani yake, ndo umwite mmoja asimame. Akisema "simu zipigwe marufuku shuleni" usimwambie sawa wala umekosea, muulize kwa nini, kisha "anayekupinga atasemaje?" Hapo ndo kichwa kinachemka, na insha zao zinabadilika kabisa maana wameshabishana kwa mdomo kabla ya kushika kalamu. Kwenye kusahihisha usijaze wino mwekundu kila mstari jamani, chagua aya moja dhaifu aiandike upya.