Kwa wanaopanga safari za familia: mlima, ziwa, halafu fungu la mchanga la Maziwe

Jumanne nimekuta ratiba mezani kwangu. Imeandikwa vizuri, imepangwa vizuri, ina picha ya kasa ukurasa wa kwanza. Familia ya watu 6, Agosti, siku 10: Marangu, Chala, Lushoto, Pangani. Siku ya 8: "Saa 7 mchana, chakula Maziwe." Nikavua miwani. Nikatazama kalenda ya mwezi. Mwezi mpevu. Nikatoka nje kunywa maji.

Aliyeandika ni kijana wa fildi, ana miezi miwili tu ofisini, simlaumu sana. Wa kulaumiwa ni sisi tunaomwachia faili la mwaka jana akopi na kubandika. Lakini huyu ni wa tatu katika misimu mitatu, na sauti yangu ya kufokea watu inaelekea kuisha. Naandika mara moja. Mtakaokuja mwakani msome hapa kabla hamjaniamkia.

1. Muda wa njiani unapimwa kwa mtoto mdogo kuliko wote. Kutoka geti la Marangu hadi kambi ya Mandara mtu mzima anatumia kama saa tatu za kutembea. Mwenye watoto andika tano, na chakula njiani. Niliwahi kupanda na binti wa miaka 7 aliyekuta kinyonga kwenye tawi, akakaa chini, akagoma kuondoka mpaka kinyonga avuke. Nikamwambia twende, tunachelewa. Akanijibu, "Umesema pole pole. Huyu ndiye anakusikiliza." Wapagazi walicheka hadi Mandara. Na kwa kuwa wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kwenda kileleni, Mandara na kreta ya Maundi ndiyo Kilimanjaro yake. Msimuuzie kama nusu ya kitu.

2. Kiangazi cha wageni wa Ulaya ni kipupwe chetu. Lushoto mwezi wa saba ukungu unaingia hadi kitandani. Andikeni SWETA, kwa herufi kubwa. Kona za kutoka Mombo kupanda Soni zinatapisha watoto, kwa hiyo mtapikaji akae mbele na asile chapati na supu pale Mombo, hata kama dereva anakula. Mifuko iwe ya karatasi. Ya plastiki ilipigwa marufuku 2019 na bado kuna mtu humu ndani anaiweka kwenye gari.

3. Mpe mtoto kitu cha kufuata. Mimi huwa nawafuatisha maji. Yanayotoka Kilimanjaro na Meru yanakutana Nyumba ya Mungu, yanakuwa Mto Pangani, yanapita chini ya milima ya Usambara, yanaingia baharini pale pale mnapovukia kwenda Bweni. Ziwa Chala nalo linajazwa na maji ya mlima yanayopita chini ya ardhi, ingawa ukisimama ukingoni mwa ile kreta huoni mto hata mmoja ukiingia. Mtoto aliyechovya mkono kijito cha Marangu siku ya 2, ukimwonesha mdomo wa Pangani siku ya 7, hahitaji hotuba yako. (Chala kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kunakolia watu. Shukeni asubuhi.)

4. Bahari. Hapa mnivumilie.

Mimi ni Mchaga wa Marangu. Nilianza upagazi nikiwa na miaka 19, nikawa mwongoza wageni msaidizi, nikawa mwongoza wageni kamili, goti likagoma, nikaletwa ofisini. Bahari nilikuwa naijua kwa picha za kalenda. Julai 2016 nikapewa familia: mama wa Tanga aliyeolewa Uholanzi, mume wake Mholanzi, watoto watatu wa miaka 13, 9 na 6, na bibi yao mzaa mama, aliyejiunga nasi Muheza na kikapu chake na kiti chake cha kukunja. Nilikuwa nimeipanga safari ile kwa majivuno makubwa. Siku ya Maziwe niliiweka makusudi iangukie mwezi mpevu, ili jioni watoto waone mwezi ukichomoza baharini. Nilijiona mshairi.

Maziwe mnaijua kwa karatasi, wengi wenu hamjaikanyaga. Ni eneo tengefu tangu 1975, na zamani kilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje, kasa wakija kutaga. Mivinje imekwisha, kisiwa kimeliwa, limebaki fungu la mchanga mweupe katikati ya maji. Maji yakipwa, fungu lipo. Maji yakijaa sana, halipo. Hilo nililisoma. Nililielewa kama unavyoelewa kwamba kilele cha Uhuru kuna baridi kabla hujafika.

Jana yake usiku nahodha aliniambia, "Kesho tuondoke saa 1." Nikamjibu wageni wamechoka na barabara, waache walale, tutaondoka saa 5 na nusu. Akanitazama, akasema, "Haya. Mwenye safari ni wewe." Nilichukua hilo kama kukubaliwa.

Asubuhi, tukipandisha deli kwenye mashua, bibi akaniuliza, "Mwanangu, leo si bamvua?" Ndugu zangu, sikulijua neno lile. Nilidhani anauliza kuhusu upepo, au samaki. Nikasema, "Hapana bibi, wala usiwe na wasiwasi, leo hali ni shwari kabisa." Akanyamaza. Watu wa Tanga wana namna yao ya kunyamaza.

Tukafika saa 6 na nusu. Fungu lilikuwa kubwa, watoto wanakimbia, mimi natandika mkeka, napanga pilau, kachumbari na sambusa, namfungulia bibi kiti chake. Saa 7 baba na binti mkubwa wakaondoka na mashua na nahodha kwenda kuogelea kwenye mwamba. Nikabaki na bibi, mama na wadogo wawili. Yule wa miaka 6 akaanza kujenga kasri la mchanga ukingoni mwa maji, na ukuta, na kijiti cha bendera. Wimbi likalichukua. Akacheka, akasogea juu, akajenga la pili. Nikampiga picha. La pili likaenda. La tatu akajenga haraka haraka, midomo ameibana. Mimi nakula sambusa. La nne alilijenga kando ya mguu wa kiti cha bibi, na maji yalipougusa ule ukuta, bibi akauliza kwa upole kabisa, bila hata kunitazama: "Sasa mwanangu, la tano atajenga wapi?"

Nikageuka. Nyuma yangu maji. Nikageuka upande wa pili, maji. Mchanga uliobaki ulikuwa mkubwa kuliko sebule, mdogo kuliko ukumbi, na unapungua nikiutazama. Simu haishiki. Nikapiga kelele, kusi linavuma, sauti yangu inarudi mdomoni. Mama akaanza kunisemesha Kiholanzi, akarudi Kiswahili, akarudi Kiholanzi. Nikachukua kanga ya bibi nikapunga kama kichaa, wala haikuwa lazima, maana nahodha alikuwa anajua saa zake na tayari alikuwa anakuja. Ila mashua ilichukua kama dakika 15, na dakika zile mimi nimezeeka nazo.

Kwanza mkeka ulielea. Kisha deli likaondoka taratibu, limebeba soda, kama mgeni aliyemaliza safari yake. Bibi akabaki amekaa kitini, maji kwenye muundi, sahani ya pilau ameinua kifuani. Nikamwambia bibi panda mgongoni. Nimebeba kilo 20 hadi Kibo, na kikapu kichwani juu yake. Bibi alizidi kilo 20 kwa mbali sana. Nikateleza kidogo, na sikioni mwangu nikasikia, "Shika vizuri, baba. Mimi si hema."

Tukapanda wote, hakuna aliyeumia. Mholanzi akatazama pale mchanga ulipokuwa, akatikisa kichwa. Watu wa kwao wamejenga kuta za kuzuia bahari kwa karne na karne ili jambo hili hili lisiwapate. Mawimbi ya kusi yakatulowesha hadi Pangani. Mama hakunisemesha njia nzima, na alikuwa na haki. Yule mdogo alilala mapajani kwangu, mkononi ameshika kile kijiti cha bendera.

Nilirudisha pesa ya siku ile kutoka mfukoni. Hilo liliuma kidogo. Kilichouma zaidi ni jioni: mwezi ukachomoza kama nilivyopanga, mwekundu, mkubwa, njia ya shaba juu ya maji, na hakuna aliyetoka kuutazama isipokuwa bibi. Nikaenda nikakaa chini karibu na kiti chake, kiti kile kile, kingali kimelowa. Nikamwambia, "Bibi, bamvua ni nini?" Akacheka hadi akafuta machozi, halafu akanifundisha kwa vidole, siku za mwezi moja moja.

Nililojifunza usiku ule linaenea kwenye mstari mmoja, na mlinakili kwenye daftari sasa hivi: pwani ya Tanga, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupwa sana mnamo saa 4 asubuhi na kujaa sana mnamo saa 10 jioni, kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50, katikati ya mwezi mchanga na mpevu ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo. Jedwali la maji lipo, litumieni, kisha mpigieni nahodha, na akisema saa 1 ni saa 1. Kurudi iwe kabla ya mchana, kusi halijachachamaa.

5. Kontro namba (za malipo ya serikali) ni tatu: TANAPA, yaani Hifadhi za Taifa, kwa mlima, TFS, yaani Wakala wa Misitu, kwa msitu wa Magamba kule Lushoto, Hifadhi za Bahari kwa Maziwe. Ziombwe wiki moja kabla, msinipigie mkiwa getini.

6. Siku moja kati ya Lushoto na Pangani isiwe na kitu chochote. Mtaona mmeacha pengo kwenye ratiba na mtataka kulijaza. Acheni.

7. Mgeni mzee akikuuliza swali, hata kama neno hulijui, hasa kama neno hulijui, usimjibu "wala usiwe na wasiwasi".

Kijana wa Jumanne, ratiba yako nimeirudisha mezani kwako. Maziwe nimeihamishia saa 2 asubuhi, kurudi saa 5 na nusu, na nahodha nimeshampigia. Picha ya kasa ni nzuri, iache. Sweta bado hujaandika.