Potifolio ya mwanafunzi wa usanifu majengo: ofisi inatafuta nini kabla ya kukupa nafasi ya fildi

Wanafunzi wengi wanaotafuta nafasi ya fildi huanza potifolio, yaani mkusanyiko wa michoro yao, kwa kubana. Wanachukua shiti za A1 walizowasilisha studio, wanazipunguza hadi A3, wanaziunganisha kuwa PDF moja na kutuma. Hapo tayari wameharibu. A1 ni milimita 594 kwa 841 na A3 ni 297 kwa 420, kwa hiyo kila urefu umekatwa nusu. Plani (mchoro wa jengo likitazamwa kutoka juu) iliyochorwa kwa skeli ya 1:100, sentimita moja kwa mita moja, sasa ni 1:200, huku maandishi ya pembeni yakiendelea kusema 1:100. Herufi za pointi 10 zimekuwa 5. Mstari wa fenicha wa milimita 0.18 umekuwa 0.09, na printa ya ofisini inautoa kama vumbi. Msanifu anayefungua faili hilo kwa simu akiwa saiti haoni kitu.

Potifolio ipangwe upya kutoka mwanzo, kwa A3 ya kulala. Weka herufi za maelezo kati ya pointi 9 na 11. Kuta zilizokatwa zichorwe kwa mstari wa milimita 0.5, vitu vinavyoonekana nyuma yake 0.25, fenicha na vigae 0.13 hadi 0.18. Mistari yote ikiwa na unene mmoja, plani inageuka utando na jicho halijui ukuta uko wapi. Chini ya kila mchoro weka kipimo cha mstari chenye mita 0, 1, 2, 5, maana ofisi nyingi huchapa kwenye A4, na A3 ikichapwa kwenye A4 skeli ya 1:100 inakuwa takriban 1:141, namba ambayo hakuna rula inayoipima.

Kurasa 20 zinatosha, 24 ni nyingi. Miradi minne: mitatu ya studio na mmoja wa kazi halisi kama unao. Anza na mradi wenye nguvu kuliko yote, hata kama si wa mwaka wa mwisho. Mazoezi ya mwaka wa kwanza ya mistari na maumbo yaache, isipokuwa kama mkono wako wa penseli ni mzuri kweli. Hapo ukurasa mmoja unakubalika.

Sasa tuje kwenye kinachotazamwa. Renda, picha za jengo zinazotengenezwa kwa kompyuta, zimekuwa rahisi mno kutengeneza, hivyo hazimwambii msimamizi kama unajua kujenga. Anatafuta mkato, mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima ili ndani paonekane. Fikiria shule ya msingi ya Gando huko Burkina Faso, ambayo Francis Kéré aliisanifu kwa ajili ya kijiji chake akiwa bado mwanafunzi Berlin. Ilikamilika 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo 2004, na mwaka 2022 yeye mwenyewe akapewa Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani. Mchoro mmoja wa mkato unatosha kuielewa: kuta za matofali ya udongo yaliyotiwa saruji na kushindiliwa, dari ya matofali yenye upenyo wa hewa, juu yake kenchi nyepesi za nondo, kisha bati lililoinuliwa mbali na dari ili hewa ya moto itoke na mvua isipige ukuta. Kila kitu kwenye mchoro kina kazi.

Kwa hiyo chagua mradi mmoja kati ya minne na uushushe hadi chini kabisa: saiti kwa 1:500, plani kwa 1:100, mkato kwa 1:50, halafu kipande kimoja cha ukuta kwa 1:20, kuanzia msingi hadi fishabodi (ubao wa ukingo wa paa). Kipande hicho kionyeshe zege la msingi, nailoni ya kuzuia unyevu, kozi za tofali, linta, kenchi, papi (mbao zinazobeba bati), bati na gata, kila kimoja na unene wake. Miradi mingine mitatu inaweza kubaki juu juu. Huu mmoja ndio utakaoulizwa.

Mkato wenyewe ukatwe mahali penye jambo. Mwanafunzi akihofia ngazi na choo, mstari wa mkato hupita katikati ya sebule, mahali pasipo na kitu cha kueleza. Msomaji mzoefu anajua mara moja kuwa umekwepa. Kata kwenye ngazi.

Na ngazi ndipo hesabu huanguka. Sakafu hadi sakafu ni mita 3, mchoro una vidato 12, maana yake kila kidato kina kimo cha milimita 250. Bibi hapandi hapo. Gawanya 3000 kwa 18 upate kama 167, weka sehemu ya kukanyaga milimita 280, kisha jaribu: kimo mara mbili ukijumlisha na pa kukanyaga iwe karibu na 600 hadi 640. Hapa ni 614, sawa. Ngazi ya kukunja katikati itakuwa na vidato tisa kila upande, na kwa kuwa kidato cha mwisho ni sakafu yenyewe, unahitaji sehemu nane za kukanyaga, yaani milimita 2240, ukiongeza kibaraza cha kugeukia kisichopungua upana wa ngazi. Kwa ngazi ya upana wa mita 1.2 hiyo ni mita 3.44 kabla ya kuhesabu nafasi ya kuanzia chini. Chumba cha ngazi cha mita 3 hakitoshi, na hilo linagunduliwa siku mkato unapochorwa, ndiyo maana wengi hawauchori.

Kosa la pili ni jua. Programu za modeli zilizotengenezwa Marekani huanza zikiwa zimewekwa huko, na usipobadilisha mahali, kivuli cha saa sita mchana kinaangukia kaskazini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana mwishoni mwa Juni jua liko upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi 60 hivi. Mwishoni mwa Desemba liko kusini, kama nyuzi 73. Tumia namba hizo badala ya kuandika tu kuwa jengo “linazingatia hali ya hewa”. Dirisha la kaskazini lenye urefu wa mita 1.2, kinga ya zege ikiwa juu yake tu, inahitaji kutokeza sentimita 70 ili kulifunika lote mchana wa Juni. Sentimita 60 zinaishia mita 1.04. Upande wa kusini sentimita 40 zinatosha kwa Desemba. Mashariki na magharibi kinga ya juu haisaidii kwa sababu jua la asubuhi na la jioni linaingia chini chini. Huko punguza madirisha, au weka mapezi ya wima, yaani kinga nyembamba zilizosimama kando ya dirisha. Mchoro mdogo wenye mistari ya jua la Juni, la Desemba na la asubuhi una thamani kuliko renda nne za machweo.

La tatu ni paa lililofichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa, mtindo uliojaa kila mtaa mpya. Kwenye renda ukuta wa juu una sentimita 60 na nyumba inaonekana kama sanduku safi. Lakini chini yake kuna mabati, na bati la kawaida la mgongo linataka mteremko wa nyuzi 10 hivi ili lisivujishe kwenye maungio. Paa la nyumba ya upana wa mita 8 lenye kilele katikati linapanda sentimita 70 kwa kila upande, kabla hujaongeza papi na bati lenyewe. Hakifichiki kitu hapo. Onyesha umetatua: ukuta wa mita 1 au zaidi, gata ya ndani yenye upana wa sentimita 30 angalau ili mtu aweze kuisafisha, mteremko wa 1 kwa 100 ambao kwa mita 6 ni sentimita 6, na tundu la dharura linalotoboa ukuta wa nje chini ya ukingo wa ndani wa gata. Bila tundu hilo, majani yakiziba bomba wakati wa masika maji yanaingia kwenye dari. Ofisi nyingi zimeshapigiwa simu na mteja kwa sababu hii, kwa hiyo mwanafunzi aliyeliwaza tundu hilo anaonekana haraka.

Mengine ni madogo ila yanakera: milango miwili inayogongana, choo cha ndani kisicho na dirisha wala njia ya hewa, ukuta wa tofali la inchi 6 uliochorwa milimita 150 kamili kana kwamba hakuna plasta pande zote mbili, kitanda cha mita 1.6 kwa 1.6 kilichopakuliwa intaneti.

Kuhusu kazi halisi, yaani fildi au ramani uliyomchorea mjomba. Sema ulichofanya wewe. Kama ofisini ulichora jedwali la milango na madirisha na mikato miwili, andika hivyo, weka kipande cha jedwali, na uandike kuwa mradi ni wa ofisi. Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuweka mchoro wowote wa ofisi, na futa jina la mteja, namba ya kiwanja na kila kinachoonyesha nyumba iko wapi. Kuweka renda ya jengo la ghorofa kumi kana kwamba ni lako ni njia ya haraka ya kukataliwa. Wasanifu wa mji mmoja wanajuana.

Ramani ya mjomba isikuaibishe. Iliyojengwa ina nguvu ya pekee: weka mchoro upande mmoja na picha ya saiti upande wa pili, kisha andika kilichobadilika na sababu yake. Fundi alipunguza dirisha kwa kuwa fremu iliyokuwepo dukani ilikuwa ndogo, au linta ilishuka kozi moja. Usijiite mbunifu majengo kwenye jalada, maana jina hilo ni la waliosajiliwa na bodi za usajili za wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, Tanzania AQRB na Kenya BORAQS. “Mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa nne” inatosha.

Faili la kutuma lisizidi megabaiti 10. Picha za kutazamwa kwenye skrini ziwe dpi (nukta kwa inchi) 150, za kuchapa 300, na michoro ya mistari itolewe kama vekta, mistari inayobaki kali hata ukiikuza, isigeuzwe kuwa picha. Faili liwe na jina lako na mwaka. “Final final 3” haisaidii mtu aliyepokea maombi mengi siku hiyo. CV iwe ukurasa mmoja, mwanzoni mwa PDF hiyo hiyo.

Ukiitwa, beba chapa ya A3 pamoja na laptop yenye mafaili asili. Mara nyingi utaambiwa ufungue mchoro mmoja waone leya, yaani matabaka ya mchoro kwenye programu. Kuta, milango, vipimo na maandishi vyote vikiwa kwenye leya moja, watajua utakavyowasumbua ofisini. Kuzitenganisha na kuzipa majina yanayoeleweka ni kazi ya jioni moja. Ifanye kabla ya siku ya kwenda.