Jibu: Mpaka wa bahari, manowari au meza ya mazungumzo?

Ndugu, umeuliza kwa nini Kenya isipeleke manowari Kiunga, mji wake wa pwani karibu na mpaka, ikamaliza ubishi wa bahari na Somalia. Manowari hulinda maji, haiwapi watu hati ya mpaka. Mwenye mtaji wa kuchimba mafuta baharini huko hutaka hati.

Somalia ilifungua kesi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 2014. Kenya ilidai mstari unaokwenda mashariki sambamba na latitudo. Somalia, mstari wa umbali sawa kutoka pwani zote mbili. Eneo la ubishi ni takriban kilomita za mraba 100,000. Hukumu ya 12 Oktoba 2021 ilianzia kwenye mstari wa umbali sawa, kisha ikausogeza kaskazini kidogo, Kenya ikapata nafuu. Kenya ikaikataa hata hivyo. Hapo ndipo sheria hukwama: mahakama haina askari, na Kifungu cha 94 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa humpeleka mlalamikaji Baraza la Usalama, kwenye kura ya turufu, ambayo mwanachama wa kudumu mmoja anaweza kuzuia nayo uamuzi.

Jeshi nalo lina kazi yake. Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa Kiwayu na Manda, visiwa vya Lamu, Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) liliingia Somalia kupambana na al-Shabaab, na Kismayu ikatwaliwa mwaka 2012. Lakini Juni 2014 Mpeketoni, mji wa Lamu ndani ya Kenya, ilishambuliwa. Mji hutwaliwa kwa bunduki. Mtandao wa watu waliojificha, shida kuutwaa hivyo.

Kwa mvuvi wa Kiunga mimi naona bora mapatano madogo: vipimo vya mpaka vigawiwe manahodha, na mashua ikikamatwa, ijulikane nani wa kupigiwa simu kila upande.